Milimita

Baba yangu aliuza magodoro Wete,
mlango wa pili baada ya fundi wa saa,
na mie, kabla ya alifu, nilijua inchi:
nne ya mtoto, sita ya mgeni,
nane ya bibi harusi
na mama yake anayesimamia bei.
"Nene ndiyo raha," baba alikuwa akiwaambia,
akibonyeza sponji kwa kidole gumba,
na shimo likijaa tena polepole
kama uso wa mtu aliyesamehe
ila hajasahau.

Basi shangazi Zuwena aliporudi Maskati
na raba mbili za raketi, nyekundu na nyeusi,
zimefungwa kwenye plastiki kama biskuti,
jicho langu lilikwenda kwenye namba.
Mbili nukta mbili.
Zilikuwapo na nyembamba, alisema, nusu ya bei,
lakini yeye hawaletei watu vitu vyembamba.

Nilizibandika usiku kwa gundi ya viatu,
nikapunguza kingo kwa mkasi wa baba,
ule wa kitambaa,
bila ruhusa.

Kesho yake, ukumbi wa skuli.
Niligusa tu, wallahi kugusa,
mpira ukavuka wavu, ukavuka meza,
ukamvuka Time binti Faki,
ukatoka dirishani ukaangukia kwa kuku.
Mara ya pili vilevile. Ya tatu, kuku walishazoea.
Sponji ile ilikuwa na haraka zake.
Mpira ulizama ndani, ukatulia kidogo,
ukanong'onezwa jambo nisilolisikia,
kisha ukatupwa.
Mkono wangu ulikuwa tarishi tu
wa barua ya mtu mwingine.

Time alishika raketi ya skuli,
raba imeng'aa kwa jasho la darasa zima,
sponji yake moja nukta tano,
na hiyo nayo imeshapigwa ikachoka.
Kila alipopiga nilisikia ubao: ko. Ko.
Kavu, kama mtu anayejibu
swali aliloulizwa, hilohilo.
Kumi na moja kwa nne.
Na katika hizo nne, mbili alinipa mwenyewe
kwa kucheka.

Usiku nikaingia chumbani kwa baba kutafuta tochi,
nikajitupa kitandani kwake,
nyonga zikakutana na mbao.
Inchi mbili! Muuza nane!
"Baba, ndiyo nini hii?"
Akasema mgongo.
Akanyamaza, akakunja shuka, akasema:
"Lile nene linakulaza linavyotaka lenyewe.
Hapa nikijigeuza, najua nimejigeuza."
Nilikuwa naanza kuelewa
alipouona mkasi wake, umeganda gundi,
na falsafa ikaishia hapo.

Sasa watoto wa Chake huniletea raketi zao
na swali lile lile: nene au nyembamba?
Simwambii mtu nyembamba ni bora.
Mie mwenyewe mbele nimeweka mbili kamili,
maana hasira ninazo,
na nyuma moja nukta tano,
maana nyuma ndiko ninakokosea
na nataka kuambiwa.
Huwaambia wafumbe macho,
nadondosha mpira juu ya raketi waliyoishika:
umesikia nini?
Salhina, wa miaka tisa, alisema, "Nimesikia kidole changu."
Huyo nilimwongezea, moja nukta nane,
na wiki nzima akapiga nje,
wiki ya pili nusu,
ya tatu sikuhesabu tena.

Zile za Maskati zimo kabatini, kwenye plastiki yake.
Shangazi, mzee sasa, kila Idi huniuliza:
"Zile raba zangu, bado unachezea?"
"Nachezea, shangazi."
Jana niliitoa ile nyekundu, nikaibonyeza kwa gumba
kama alivyokuwa akibonyeza marehemu.
Shimo lilibaki.
Nilikaa nikilitazama
mpaka nikasahau nilifungua kabati kutafuta nini.